Libbie Hyman: zaidi ya miaka 30 ya kuandika habari za minyoo, bila mshahara

Mwaka wa 1939, mnyoo mmoja wa bahari, mdogo kupita punje ya mchele, alipata jina kwa mara ya kwanza. Mbele ya hapo alikuwapo, aliishi na kuzaa katika maji ya kisiwa cha Bermuda, lakini katika vitabu vya sayansi hakuwamo. Jina alilopewa ni Amphiscolops bermudensis. Nyuma ya jina hilo watu wa sayansi wanaandika mpaka leo neno moja na mwaka: Hyman, 1939.

Hyman ni jina la mwanamke aliyeifanya kazi hiyo, Libbie Henrietta Hyman. Wakati huo alikuwa na miaka 50. Alikuwa na biro katika jumba kubwa la makumbusho la mji wa New York, na watu waliomtembelea waliona mtu mwenye kazi ya heshima. Lakini mwisho wa mwezi hakuna bahasha iliyomfikia. Alikuwa anafanya kazi bila mshahara, na aliendelea hivyo mpaka kufa kwake mwaka wa 1969.

Leo jina lake linajulikana popote watu wanaposoma habari za wanyama wasio na uti wa mgongo: minyoo, konokono, viti vya pweza, sifongo na wengine wengi. Njia iliyomfikisha huko ilipita kwenye jiko la mama yake, kiwanda cha nafaka, na buku moja ambalo yeye mwenyewe hakulipenda sana.

Binti wa Fort Dodge

Libbie alizaliwa tarehe 6 Desemba 1888 katika mji wa Des Moines, jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Alikulia Fort Dodge, mji mdogo wa jimbo hilo hilo, mbali kabisa na bahari. Baba yake, Joseph Hyman, alikuwa Myahudi aliyetoka Poland, wakati sehemu aliyotoka ilikuwa chini ya utawala wa Urusi. Mama yake, Sabina Neumann, alizaliwa Ujerumani. Baba alikuwa na butiki ya nguo, lakini biashara haikumwendea vizuri, na pesa zilikuwa za shida nyumbani.

Watoto walikuwa wanne, na Libbie alikuwa binti peke yake. Mama yake alishika desturi ya zamani kwamba kijana wa kiume anahudumiwa na binti anahudumia. Kwa hiyo kazi za nyumba zilimwangukia Libbie, na ndugu zake waliachwa huru. Yeye mwenyewe alikumbuka jambo hilo maisha yake yote, na hakulikumbuka kwa furaha.

Raha yake ilikuwa nje, kwenye majani na miti. Katika vitabu vya ndugu zake alipata kimoja cha Asa Gray, mtaalamu wa mimea wa Marekani, na akajifundisha peke yake namna ya kutambua ua la porini mpaka kufika kwenye jina lake. Unaangalia majani yamepangwa namna gani, unahesabu sehemu za ua, unafuata alama moja kwa moja, na mwishoni jina linatoka. Alikusanya pia vipepeo. Mtoto mwingine angeona huo ni mchezo tu, lakini kwake ulikuwa mwanzo wa kazi ya maisha: kuangalia kiumbe kwa makini mpaka ujue ni nani, na kama hajaandikwa bado, kumwandika.

Mwaka wa 1905 alimaliza sekondari. Katika darasa lake alikuwa mdogo kupita wote kwa umri, na alikuwa wa kwanza kwa masomo. Alishinda mtihani wa ualimu, lakini walimwambia umri wake haujafika wa kufundisha katika shule za serikali. Pesa za kuendelea na masomo ya juu hazikuwapo. Basi akaingia kiwandani. Kazi yake ilikuwa kubandika karatasi za majina kwenye boksi za nafaka ya uji.

Mwalimu aliyemkuta njiani

Mwaka wa 1906 Libbie alikuwa anarudi nyumbani kutoka kiwandani, akakutana na mwalimu wake wa zamani, Mary Crawford, aliyekuwa anafundisha Kiingereza na Kijerumani. Mwalimu alishangaa kuona mwanafunzi wa kwanza wa shule anabandika karatasi kwenye boksi. Hakuishia kwenye kumuonea huruma. Alishughulika mpaka Libbie akapata msaada wa kusoma mwaka mmoja katika Chuo Kikuu cha Chicago. Kwa familia nzima, wazo la binti kwenda chuo kikuu lilikuwa geni.

Msaada ulikuwa wa mwaka mmoja tu. Iliyobaki alijitafutia mwenyewe, akiwa anapokea pesa kwenye meza ya malipo katika nyumba ya chakula ya wasichana wa chuo. Alianza na masomo ya mimea, sababu ndiyo aliyoyapenda toka utoto. Lakini msaidizi mmoja wa labo alimsumbua juu ya kuwa Myahudi, na Libbie akaondoka katika masomo hayo. Akajaribu kemia, haikumpendeza. Ndipo akaingia katika masomo ya wanyama, na huko mwalimu mwanamke, Mary Blount, akamtia moyo wa kubaki.

Baba yake alikufa mwaka wa 1907. Mama na ndugu wakahamia Chicago, na Libbie akarudishwa tena kwenye kazi ya kuwatunzia nyumba, huku anasoma. Alipata diploma ya kwanza ya chuo mwaka wa 1910, na udaktari wa sayansi mwaka wa 1915. Kazi yake ya udaktari ilihusu jamaa za nyungunyungu na namna minyoo hao wanavyoota tena sehemu ya mwili iliyokatwa. Aliyemwongoza alikuwa profesa Charles Manning Child.

Buku lililomlisha

Nyuma ya udaktari, Libbie alibaki katika labo ya profesa Child mpaka mwaka wa 1931, akiwa msaidizi wa utafiti. Ni miaka mingi kwa mtu mwenye diploma ya juu kupita zote. Wanawake wa wakati ule hawakupewa viti vya uprofesa kwa wepesi, hata wakiwa na akili ya namna gani. Yeye kwa upande wake hakuvutwa na kufundisha darasani. Alichotaka ni utafiti na kusoma.

Jambo lililomfungulia mlango lilianza kidogo tu. Wakati alipokuwa anasaidia wanafunzi katika masomo ya labo, aliona vitabu vya kuwaongoza vilikuwa vibaya. Akaandika chake. Mwaka wa 1919 chuo kilitoa buku lake la kazi za labo kwa wanaoanza masomo ya wanyama. Mwaka wa 1922 kikatoa la pili, juu ya kupasua na kulinganisha miili ya wanyama wenye uti wa mgongo: samaki, chura, paka na wengine.

Hilo la pili lilinunuliwa sana. Vyuo vingi vya Marekani vililitumia mwaka kwa mwaka, na kila nakala iliyouzwa ilimletea mwandishi kiasi fulani. Cha ajabu ni kwamba wanyama wenye uti wa mgongo hawakumvutia Libbie Hyman. Moyo wake ulikuwa kwa wale wengine, laini na wadogo, ambao watu wengi hawawaangalii mara mbili. Lakini paka na samaki ndio waliomlisha ili aweze kuishi na minyoo.

Katika labo ya Child aliona tatizo lingine. Profesa na wanafunzi wake walikuwa wanafanya majaribio kwa minyoo bapa wa mito na visima, wale ambao ukiwakata vipande, vipande vinakuwa minyoo wapya. Kumbe majina waliyotumia kwa minyoo hao mara nyingi yalikuwa ya makosa. Hapa kuna hatari ya kweli. Kama mtafiti wa mji mmoja anaandika kwamba mnyoo fulani anafanya hivi, na wa mji mwingine anajaribu kwa mnyoo wa aina nyingine akifikiri ni yule yule, matokeo yao hayawezi kulinganishwa na kazi yote inaharibika. Libbie akaanza kupanga upya majina ya minyoo bapa wa Amerika ya Kaskazini, aina moja nyuma ya nyingine. Toka hapo minyoo bapa wakawa kazi yake maalum.

New York, bila bosi na bila mshahara

Mama yake alikufa mwaka wa 1929. Kwa mara ya kwanza Libbie hakuwa na nyumba ya wengine ya kutunza. Alikuwa na miaka 40. Alipiga hesabu ya pesa zilizotoka katika vitabu vyake, akaona zinatosha kwa mtu mmoja anayeishi bila anasa. Mwaka wa 1931 akaacha kazi ya Chicago, akatembea Ulaya kwa zaidi ya mwaka, kisha akaja kukaa New York.

Alichagua nyumba karibu na Jumba la Makumbusho la Historia ya Asili la Marekani, juu ya biblioteka yake. Alikuwa ameamua kuandika habari za wanyama wote wasio na uti wa mgongo, kundi kwa kundi: mwili wao, kuzaa kwao, kukua kwao, mahali wanapoishi na undugu wao. Kazi sawa hiyo huko Ulaya ilifanywa na wataalamu wengi kwa pamoja, kila mmoja na sehemu yake. Yeye aliianza peke yake. Hakuwa na msaidizi wala mtu wa kumpigia mashine ya kuandika.

Mwaka wa 1937 jumba lile lilimpa cheo cha mtafiti mshiriki. Ni kusema biro, meza, na ruhusa ya kutumia vitabu na wanyama waliohifadhiwa humo. Mshahara haukuwamo. Alisoma majarida ya Kijerumani, ya Kifaransa na ya lugha zingine za Ulaya, akaandika kila jambo kwenye kadi, akazipanga kadi, kisha akaketi kwenye mashine na kuandika. Michoro mingi aliichora kwa mkono wake. Wakati wa kiangazi alikwenda kwenye vituo vya utafiti vya pwani, kama kile cha Woods Hole na kile cha Bermuda, ili awaone wanyama wakiwa hai na kuwachora.

Buku la kwanza lilitoka mwaka wa 1940. Lina kurasa zaidi ya 700.

Namna mnyoo anavyopata jina

Mtu anaweza kuuliza: kumpa mnyoo jina, kuna kazi gani hapo? Kazi ipo, na inaeleza kwa nini maisha ya Hyman yalijaa mikroskopi na kadi.

Wakaaji wa kando ya Ziwa Kivu, Tanganyika au Albert wanajua mawimbi. Lakini bahari ina jambo ambalo maziwa yetu hayana kwa namna ya kuonekana: katika pwani nyingi maji yanarudi nyuma na kujaa tena, mara mbili kwa siku. Yakirudi nyuma, sehemu kubwa ya mchanga inabaki wazi. Mtu akipita juu yake anaona mchanga tu. Lakini katikati ya punje na punje kuna nafasi zenye maji, na katika nafasi hizo kuna wanyama wengi, wengine wadogo chini ya milimita moja. Toka miaka ya 1920 Mjerumani Adolf Remane na wenzake walikuwa wanachunguza wanyama wa mchangani hao katika ghuba ya Kiel, na kila mara walikuta aina mpya. Minyoo bapa ni kati ya wakaaji wakubwa wa mchanga huo. Wengine wanaishi kwenye majani ya bahari, chini ya mawe, au juu ya marijani.

Ili kumpata mnyoo wa mchangani, mtafiti anachota mchanga maji yakiwa yamepwa, anautia katika ndoo na maji ya bahari, anausubirisha. Hewa ikipungua chini, minyoo wanapanda juu kutafuta pumzi, na pale wanachukuliwa. Kisha mtafiti anamtazama mnyoo akiwa hai, chini ya mikroskopi: rangi, umbo, macho kama anayo, namna anavyoteleza kwa vinyweleo visivyoonekana kwa macho matupu. Haraka inahitajika, sababu mnyoo laini sawa huyo akifa anajikunja na kuharibika.

Nyuma ya hapo anamhifadhi kwa dawa, anamzamisha katika nta ya moto, na nta ikikauka anamkata kwa mashine yenye wembe, vipande vyembamba vya sehemu za elfu za milimita. Vipande vinapangwa kwenye vioo kwa mfuatano wake, vinatiwa rangi, na mtafiti anavisoma kimoja kimoja sawa kurasa za kitabu. Hapo anajenga tena mwili mzima katika akili yake na kuuchora. Sehemu inayosema kweli zaidi ni viungo vya uzazi. Mnyoo bapa karibu kila mara ni dume na jike kwa wakati mmoja, na umbo la viungo hivyo linatofautiana toka aina moja hadi nyingine, hata pale minyoo wawili wanafanana kabisa kwa nje.

Sasa inakuja sehemu ngumu kupita zote: kujua kama hakuna mtu aliyemwandika tayari. Sheria ya majina ya wanyama inasema jina la kwanza lililotolewa kwa haki ndilo linaloshinda. Kwa hiyo lazima kusoma yote yaliyoandikwa juu ya jamaa zake, hata katika jarida la zamani lililotolewa mbali na kwa lugha ngumu. Kama kweli ni mpya, mtafiti anaandika maelezo, anatoa jina la maneno mawili kwa desturi ya Kilatini, na mnyoo aliyeandikwa anawekwa katika makumbusho ili wengine waje kuhakikisha.

Ndivyo Hyman alivyofanya kwa wanyama wa Bermuda mwaka wa 1939. Mmoja alipata jina la kisiwa. Ndugu yake, anayeishi kwenye majani yanayoelea baharini yanayoitwa sargasso, aliitwa Amphiscolops sargassi. Aliandika pia aina nyingi za minyoo bapa wakubwa zaidi wa pwani za Amerika, na wale wa maji baridi, hata wa mapangoni. Watafiti wa nchi mbalimbali walimtumia minyoo katika chupa wakimuomba awaambie ni nani.

Ndugu za kichocho

Buku la pili, lililotoka mwaka wa 1951, ndilo la minyoo bapa. Humo mnyoo wa baharini asiye na madhara anakaa pamoja na ndugu zake wanaojulikana vibaya hapa kwetu. Mnyoo anayeleta kichocho, ugonjwa ambao wengi wanauita bilharzia na ambao unasumbua wakaaji wa kando ya Ziwa Albert na sehemu nyingi za Kongo, ni mnyoo bapa. Tegu, anayeingia mwilini kwa nyama isiyoiva vizuri, naye ni mnyoo bapa. Mmoja anapita kwa konokono wa majini kabla ya kuingia katika ngozi ya mtu, mwingine anapita kwa nguruwe au ng'ombe. Lakini ukoo ni mmoja, na mpangilio wa mwili unafanana. Mtu wa afya anayetaka kuelewa adui huyu anasaidiwa na yule aliyechunguza ndugu zake wanaoishi huru.

Mwaka ule ule wa 1951 likatoka buku la tatu. La nne, juu ya viti vya pweza na jamaa zao, lilitoka mwaka wa 1955. La tano mwaka wa 1959, na mwishoni mwake aliongeza sura ya kurudi nyuma, akaeleza mambo mapya yaliyogunduliwa toka mabuku ya kwanza yatoke. Hakuona haya kugusa tena kazi yake mwenyewe.

Jambo moja alilitetea kwa nguvu. Kati ya minyoo wadogo wa bahari kuna kundi linaloitwa akoela, ambamo wale wa Bermuda wanaingia. Wengi wao wanaishi kwenye mchanga wa pwani. Wana mdomo, lakini hawana tumbo lenye nafasi ndani: chakula kinaingia moja kwa moja katika mwili laini na kuyeyushwa humo. Hyman aliona kwamba wanyama sawa hao ndio walio karibu zaidi na wale wa kwanza kabisa waliokuwa na mbele na nyuma, kushoto na kulia, ni kusema wazee wa mbali wa minyoo, wadudu, samaki na sisi watu. Wengine walimpinga, wakasema akoela walikuwa na mwili kamili zaidi kisha wakapoteza sehemu zake.

Miaka 30 nyuma ya kifo chake, mwaka wa 1999, watafiti waliolinganisha chembe za urithi walitoa akoela kutoka katika ukoo wa minyoo bapa. Hapo buku la Hyman lilipata sahihisho, sababu yeye aliwaweka humo. Lakini watafiti hao hao walisema kwamba akoela wametokana na tawi la zamani sana, karibu na mwanzo wa wanyama wote wenye pande mbili, jambo ambalo ni karibu na lile alilotetea. Mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya mahali pa kuwaweka.

Kiti cha magurudumu

Libbie Hyman hakuolewa. Alisema maneno bila kuyazungusha, na watu wengine walimuogopa. Lakini wale waliomwandikia barua juu ya mnyoo au hidra walipata majibu. Mwaka wa 1941 alinunua nyumba Millwood, nje ya New York, akawa na bustani aliyoipenda, akienda na kurudi kazini kwa treni. Mwaka wa 1952 akaiuza na kurudi mjini, sababu safari zilimla muda wa buku.

Heshima zilimfikia akiwa tayari mzee. Chuo Kikuu cha Chicago kilimpa udaktari wa heshima mwaka wa 1941. Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani ilimpokea kama mwanachama mwaka wa 1954, wakati wanawake humo walikuwa wachache sana. Mwaka wa 1960 Chama cha Linnaeus cha London kilimpa medali yake ya dhahabu.

Katika miaka yake ya mwisho ugonjwa wa Parkinson ulimshika. Mikono iliyochora minyoo ikaanza kutetemeka, miguu ikakataa, na akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Aliendelea kuandika. Buku la sita, sehemu ya kwanza ya habari za konokono na jamaa zao, lilitoka mwaka wa 1967. Alikuwa na miaka 78. Alijua ndilo la mwisho. Makundi makubwa yalibaki bila kuguswa: nyungunyungu na jamaa zao, kaa, buibui, wadudu. Mpango wa kuandika wanyama wote haukufika mwisho.

Mwaka wa 1969 Jumba la Makumbusho lilimpa medali yake ya dhahabu. Tarehe 3 Agosti ya mwaka huo alikufa New York, na miaka 80.

Aliacha mabuku sita yenye kurasa zaidi ya 4,000, na makala zaidi ya 100. Mwalimu mmoja aliyemkuta njiani alimtoa kwenye kiwanda cha nafaka, na buku la paka na samaki lilimlipia chakula na nyumba. Hakuna serikali wala kampuni iliyomuagiza. Leo mtafiti akisimama kwenye mchanga wa pwani na ndoo yake, akakuta mnyoo asiyemjua, lazima asome kwanza waliomtangulia, na kwa minyoo bapa jina la Hyman litakuwa kati ya yale ya kwanza atakayokutana nayo.